Walevi Waliotafutana: Habari za Baltimore na Akron

Kaeni kitako, fungueni madaftari yenu, lakini kalamu ziwekeni kwanza. Leo ni siku ya kusikiliza. Mwalimu, tafadhali tundika ukutani ramani ya dunia, ile ile tuliyoitumia tuliposoma habari za George Washington, rais wa kwanza wa Marekani. Waonyeshe wanafunzi upande wa mashariki wa nchi hiyo, mahali penye mji wa Baltimore, mji wa bandari. Kisha upeleke kidole upande wa magharibi, uvuke milima, mpaka jimbo la Ohio, uutafute mji wa Akron. Miji hiyo miwili ndiyo yenye habari yetu ya leo.

Habari yenyewe ni ya ulevi. Nasikia wengine wanacheka huko nyuma. Si neno, chekeni; lakini hakuna mtu hapa asiyemjua mlevi mmoja kwa jina, na pengine amemwacha nyumbani sasa hivi.

Nilipokuwa mtoto nilikuwa na mjomba, fundi cherehani, mtu mwenye mkono mzuri sana. Kanzu aliyoishona yeye ilijulikana kwa mbali. Lakini pombe ilipomshika, cherehani iliwekwa rehani, na nguo za watu zilibaki hazijakatwa. Mara tatu wazee wa ukoo walimweka kitako kumwonya. Mara ya tatu nami nilikuwapo, nikigawa kahawa. Mjomba alisikiliza yote kwa adabu, akalia machozi, akaapa. Kisha akauliza swali moja: “Wazee wangu, katika ninyi nyote mlioketi hapa, ni nani aliyepata kuamka alfajiri mikono ikitetemeka, akashindwa kutunga uzi katika sindano mpaka anywe?” Hakuna aliyejibu, kwa sababu hakuna aliyepatwa na jambo hilo. Mjomba alikufa hajapata jibu. Mimi nililipata chuoni, miaka mingi baadaye, katika vitabu vya historia, nami nataka kuwapa ninyi leo.

Basi twende Baltimore.

Usiku mmoja wa mwezi wa Aprili, mwaka wa 1840, marafiki sita walikuwa wakinywa katika baa ya Bwana Chase. Hawakuwa wakubwa wa mji. Mmoja, William Mitchell, alikuwa mshoni kama mjomba wangu. Wengine walikuwa seremala, wahunzi wawili, fundi wa magari ya farasi, na mfua fedha. Jioni hiyo kulikuwa na mtu mjini aliyekuwa akihutubia watu juu ya ubaya wa pombe. Wale sita wakawatuma baadhi yao waende wakamsikilize, nusu kwa mzaha, wapate kitu cha kuchekea. Waliporudi wakaanza kubishana juu ya yale waliyoyasikia. Mwenye baa akaingia katika maneno, akawatukana wahubiri wote wa namna ile. Mmoja wao akamjibu kwamba ni lazima aseme hivyo, maana riziki yake yatoka katika bilauri zao.

Jawabu hilo liliwaingia. Baada ya siku chache waliandika ahadi ya kuacha pombe kabisa, wakatia sahihi zao wote sita, na Mitchell akawa mwenyekiti. Waliuita umoja wao kwa jina la Washington, maana Washington aliikomboa nchi yake katika utawala wa Waingereza, na wao walitaka kujikomboa katika utawala wa chupa. Ada ya kuingia ilikuwa senti 25, na kila mwezi senti 12 na nusu. Mnajua mikutano yao ya kwanza waliifanyia wapi? Katika baa ile ile! Walikuwa hawana mahali pengine walipopazoea. Wakaendelea hivyo mpaka mke wa mwenye baa alipochoka kuwaona wateja wake wazuri wakipungua, ndipo wakahama.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa pana jambo jipya. Kabla ya siku hizo vilikuwapo vyama vingi vya kupinga pombe katika Marekani. Lakini vilikuwa vyama vya watu wasiokunywa, nao walikuwa wakiwaonya watu ambao hawajawa walevi bado, ili wasiwe. Mlevi mwenyewe alihesabiwa kuwa amekwisha potea. Wale sita walifanya kinyume. Katika mkutano wao hapakuwa na mahubiri wala hotuba ya mtaalamu. Mtu alisimama akasimulia mambo yake mwenyewe: jinsi alivyoanza, alivyouza vitu vya mkewe, alivyolala mtaroni, na alivyoacha. Akimaliza, akasimama mwingine. Tena kila mwanachama aliagizwa, akija mkutano ujao, aje na mlevi mwenzake.

Habari hizi zilienea kama moto wa nyikani. Katika miaka miwili au mitatu maelfu na maelfu ya watu walitia sahihi. Wanawake nao walifanya vyama vyao kwa jina la Martha, mke wa Washington. Walizishonea nguo jamaa za walevi na kuwasaidia wanawake waliotaka kuacha. Tarehe 22 Februari, 1842, siku ya kuzaliwa kwake Washington, chama cha mji wa Springfield kilimwalika kijana mmoja mwanasheria aje atoe hotuba. Jina lake Abraham Lincoln, yule ambaye baadaye alikuwa rais na kuwakomboa watumwa. Lincoln alisema kwamba wahubiri na mawakili wa zamani walishindwa kwa sababu walimkaripia mlevi kama adui. Bali mtu aliyekuwa mlevi jana, akisimama leo mbele ya wenziwe na nguo safi na akili timamu, ni vigumu kumpinga.

Lakini kabla ya mwaka wa 1850 vyama vingi vya Washington vilikuwa vimekufa. Kwa nini? Viliingiwa na watu wasio walevi, waliokuja kwa ajili ya shangwe na nyimbo. Wakazuka wasemaji mashuhuri waliozunguka miji wakilipwa fedha kwa hotuba zao; msemaji mmoja akianguka tena katika pombe, magazeti yakapiga kelele, na chama chote kikaaibika. Halafu wakabishana: je, serikali ipige pombe marufuku kwa sheria, au isipige? Wengine wakasema ndiyo, wengine siyo, wakagawanyika. Wakabishana pia juu ya dini. Katika makelele hayo yule mtu aliyekuja mikono ikitetemeka, akitaka kusikia mwenziwe akisema, hakuwa tena na mahali pa kuketi.

Nitaruka karibu miaka 90. Mwalimu akitaka ataeleza siku nyingine jinsi Marekani ilivyopiga pombe marufuku katika nchi nzima tangu 1920 mpaka 1933, na jinsi watu walivyoipika kwa siri. Sisi twende Akron.

Palikuwa na bwana mmoja wa New York, jina lake Bill Wilson, aliyezaliwa mwaka wa 1895 katika jimbo la Vermont. Kazi yake ilikuwa kununua na kuuza hisa za makampuni. Alikuwa na akili nyingi, na pombe ilimla vibaya, hata akawa analishwa na mkewe, Bibi Lois, aliyekuwa mwuzaji katika duka. Mara kwa mara alilazwa hospitali. Daktari wake, William Silkworth, alikuwa na fikira ambayo siku zile haikuwa ya kawaida: alisema mlevi wa namna hii si mtu mwovu, ni mgonjwa. Akili yake humvuta anywe ile bilauri ya kwanza, na akisha kuinywa, mwili wake haujui tena kuacha.

Mwezi wa Novemba, 1934, rafiki yake wa zamani alikuja kumtembelea. Bill alifurahi, akaandaa pombe mezani, maana walikuwa wakinywa pamoja toka ujana. Rafiki akakataa. Bill akashangaa. Rafiki akamweleza kwamba ameacha, kwa msaada wa kikundi cha Kikristo kilichokuwa na desturi ya kuungama makosa na kuwalipa watu waliokosewa. Mwezi uliofuata Bill aliingia hospitali mara ya mwisho, akatoka, na hakunywa tena mpaka alipokufa mwaka wa 1971.

Alipotoka aliwakimbilia walevi wote wa New York ili awaokoe. Aliwahubiria miezi mitano. Ni wangapi walioacha? Hata mmoja. Alikata tamaa. Mkewe akamwambia kwamba lakini yeye mwenyewe, muda ule wote, hajanywa. Na Daktari Silkworth akamshauri aache mahubiri. Awaeleze kwanza habari za ugonjwa, na mambo yaliyompata yeye mwenyewe.

Mwezi wa Mei, 1935, Bill alikwenda Akron kwa shughuli za kampuni moja. Shughuli ikaharibika. Wenzake wakarudi New York, yeye akabaki peke yake katika hoteli iitwayo Mayflower, Jumamosi jioni, mfukoni ana dola kama 10 tu. Upande mmoja wa ukumbi kulikuwa na baa. Alisikia vicheko na bilauri zikigongana. Upande wa pili kulikuwa na simu, na ubao wenye majina ya makanisa ya mjini.

Ndugu zangu, hapa nataka msimame kidogo. Mtu huyu alitaka kuikimbia pombe. Kwa kawaida mtu wa namna hii humtafuta nani? Daktari, au kasisi, au mkewe. Bill hakutafuta mtu wa kumsaidia yeye. Alitambua kwamba katika miezi ile mitano, ingawa hakumponya mtu, kule kusema na walevi kulimlinda. Alitaka apate mlevi wa kusema naye, upesi, kabla miguu haijampeleka kule kwenye vicheko. Mji ulikuwa mgeni kwake, hajui mtu. Unamtafutaje mlevi asiyejulikana katika mji usiokujua?

Alipiga simu kwa kasisi mmoja, akamweleza haja yake waziwazi. Kasisi akampa majina ya watu. Akawapigia mmoja mmoja. Huyu hayupo, yule ana shughuli. Mwishowe akampata bibi mmoja, Henrietta Seiberling, wa jamaa ya matajiri wa mipira ya magari. Bibi huyu kwa muda mrefu alikuwa akimwombea Mungu rafiki yake, daktari wa upasuaji, aitwaye Robert Smith, ambaye ulevi ulikuwa umekaribia kuimaliza kazi yake. Watu walimwita Daktari Bob.

Siku ile ile Bibi Seiberling akapiga simu nyumbani kwa daktari. Mkewe akajibu kwamba haiwezekani kuja leo. Daktari Bob alikuwa ameleta chungu cha maua, kwa kuwa kesho yake ilikuwa Sikukuu ya Akina Mama. Maua yalikuwa juu ya meza, na daktari mwenyewe, kwa ulevi, alikuwa chini ya meza.

Wakakutana kesho yake, Jumapili tarehe 12 Mei, saa 11 jioni. Daktari Bob alikuja akitetemeka, naye alisema atakaa dakika 15 tu. Aliondoka saa 5 usiku imekwisha pita. Muda wote huo Bill hakumhubiria. Alimwambia mambo yake mwenyewe, akamwambia tena kwamba amekuja kwa sababu anamhitaji. Daktari Bob alikuwa amekwisha soma vitabu vingi juu ya ulevi, na kusikia maonyo mengi. Baadaye aliandika kwamba huyu alikuwa mtu wa kwanza kusema naye ambaye aliujua ulevi kwa kupatwa nao. Hilo ndilo jibu la swali la mjomba wangu.

Msidhani mambo yalikwisha hapo. Baada ya majuma machache Daktari Bob alikwenda mkutano wa madaktari, akanywa tena, akarudishwa hajitambui. Na alikuwa na mgonjwa wa kupasua! Asubuhi ya kazi hiyo Bill alimpa chupa moja ya bia ili mkono wake utulie. Alipasua, kisha akazunguka mji mchana kutwa akiwaendea watu aliowakosea ili apatane nao. Hakunywa tena mpaka alipokufa mwaka wa 1950. Siku hiyo, ambayo chama huihesabu kuwa tarehe 10 Juni, 1935, ndiyo wanayoiita siku ya kuzaliwa kwa umoja wao.

Wakawa wawili, na wawili si mkutano. Wakaenda hospitali kubwa ya mji, wakamwuliza mwuguzi kama ana mlevi. Akajibu kwamba yuko mmoja, mwanasheria, amekwisha lazwa mara nane katika miezi sita, naye amewapiga wauguzi hata ikabidi afungwe kitandani. Wakaketi kando ya kitanda chake, wakasimulia, kila mtu mambo yake. Huyo akawa wa tatu. Kwa namna hii walikuwa wakiongezeka, polepole sana. Akron walikutana kila Jumatano katika nyumba ya mwenyeji mmoja, wakiwa pamoja na kile kikundi cha Kikristo. New York walikutana Jumanne nyumbani kwa Bill na Bibi Lois. Mwezi wa Aprili, 1939, walichapisha kitabu kueleza njia yao yenye hatua 12. Wakakiita kitabu hicho Alcoholics Anonymous, maana yake Walevi Wasiotajwa Majina, na jina hilo likawa jina la umoja wenyewe. Kwa kifupi A.A. Wakati huo hawakuzidi 100 au karibu yake. Wa Akron walipoachana na kile kikundi walihamia nyumbani kwa Daktari Bob, na nyumba ilipowawia ndogo, Januari 1940, wakapewa chumba katika shule ya King. Shule, kama hii mliyoketi sasa.

Lakini tazameni shida iliyokuwapo. Umoja huu ulificha majina ya watu wake, maana mtu akijulikana kuwa mlevi alifukuzwa kazi. Basi mtu wa mbali aliyetaka kuwapata atawapataje? Huwezi kumtafuta asiye na jina.

Walifungua sanduku la posta New York, wakaweka karani mmoja wa kujibu barua. Tarehe 1 Machi, 1941, gazeti kubwa la Saturday Evening Post likaandika habari zao. Barua zikamiminika kwa maelfu. Nyingi ziliandikwa na wake na mama za walevi. Karani alijibu kila moja, na aliyeandika kutoka mji usio na mkutano alipelekewa kitabu. Wanachama waliokuwa wachuuzi wa kusafiri walipewa orodha ya majina ya wale walioandika, ili wakifika mji fulani kuuza bidhaa zao, wabishe hodi na kwa mlevi yule. Mara nyingi mchuuzi aliacha nyuma yake watu wawili wakikutana jikoni. Mwanzoni mwa mwaka ule walikuwa kama 2,000; mwisho wake walikuwa 8,000.

Hospitali nazo zilikuwa mlango. Mwaka wa 1939 sista mmoja wa Kikatoliki, jina lake Sista Ignatia, alikubaliana na Daktari Bob kuwapokea walevi katika hospitali ya St. Thomas, Akron. Siku zile hospitali nyingi ziliwakataa, kwa kuwa wanapiga kelele na hawalipi. Desturi ikawa kwamba mwanachama wa zamani amsimamie mgonjwa na kumdhamini kwa hospitali, amtembelee kila siku, na akipona amchukue mwenyewe kwa mkono mpaka mkutanoni. Msimamizi huyu yuko mpaka leo katika vikundi vyote. Kwa lugha yetu twaweza kumwita mlezi. Daktari Bob hakutoza hata senti kwa kazi hiyo, na wasema aliwahudumia watu zaidi ya 5,000.

Wanawake walichelewa kuupata mlango. Katika siku za kwanza wanaume wengine walidhani mwanamke hawezi kuwa mlevi, na ninaogopa ya kwamba hata kwetu wapo wanaodhani hivyo, ndiyo maana mwanamke hunywa kwa kujificha. Marty Mann alikuwa amelazwa sanatorio daktari wake alipompa kitabu kile kabla hakijachapishwa. Alikuja mkutanoni nyumbani kwa Bill mwezi wa Aprili, 1939, akakuta chumba kimejaa wanaume, naye akakaa.

Fedha je? Walimwomba tajiri John D. Rockefeller msaada wa dola 50,000. Akawapa 5,000 tu, akasema fedha nyingi zitaiharibu kazi hii. Nadhani walinung'unika usiku huo. Lakini baadaye waliifanya kuwa kanuni yao: hawapokei fedha ya mtu wa nje. Kofia hupitishwa mkutanoni, mwenye senti hutia, asiye nayo huipisha.

Mwaka wa 1945 Bill aliandika katika gazeti lao dogo juu ya wale watu wa Baltimore, akaonyesha walipojikwaa. Mwaka uliofuata akaandika kanuni 12, na mkutano mkuu wa Cleveland ulizikubali mwezi wa Julai, 1950. Zisomeni kanuni hizo kando ya habari za Baltimore, mtaona kila moja kama kwamba imewekwa penye shimo lile lile. Umoja hautoi maoni juu ya siasa wala sheria za pombe. Hauna wasemaji mashuhuri. Hakuna mwanachama anayejitangaza magazetini kwa jina lake. Haushiki dini moja. Husema Mungu kama kila mtu amfahamuvyo. Na mtu wa kuingia hupimwa kwa jambo moja tu, kwamba anataka kuacha kunywa. Bill alipenda kusimulia kwamba kabla ya hapo kila kikundi kilikuwa na masharti yake, na ofisi ilipoyakusanya yote pamoja, ikaonekana hakuna mlevi hata mmoja duniani awezaye kukubaliwa!

Sasa, mtu akienda mkutanoni leo atakuta nini? Asitazamie jambo la ajabu. Atakuta chumba, mara nyingi cha kanisa au shule au zahanati, viti, na chai au kahawa. Mikutano mingine ni ya wazi, mke au ndugu aweza kuja kusikiliza. Mingine ni ya wenye shida wenyewe tu. Hudumu saa moja au moja na nusu. Mtu husema jina lake la kwanza, kwamba yeye ni mlevi, kisha husimulia. Hakatizwi, wala hashauriwi. Asiyetaka kusema husema tu kwamba leo anasikiliza, naye huachwa. Yaliyosemwa humo hayatoki nje. Wazoefu humwambia mgeni ajaribu mikutano kadhaa kabla ya kukata shauri, kwa kuwa kila kikundi kina tabia yake. Na kabla hajaondoka humpa namba za simu, kusudi apige kabla ya bilauri ya kwanza, si baada yake. Jamaa za walevi wana mikutano yao pia, iitwayo Al-Anon, aliyoianzisha Bibi Lois pamoja na wenziwe mwaka wa 1951.

Mwenye akili atauliza: je, yafaa kweli? Mwaka wa 2020 wataalamu watatu walikusanya uchunguzi 27, wenye watu zaidi ya 10,000. Waliona kwamba kuwapeleka walevi katika mikutano hii kwa utaratibu mzuri kunafaa sawa na matibabu mengine, na kwa habari ya kuacha kabisa kunafaa zaidi mara nyingi. Lakini si kila mtu hupona humo. Wengine hawapendi maneno ya Mungu, wengine huona haya kusema mbele ya watu, na wapo wasaidiwao na daktari na dawa. Mtu asiambiwe kwamba mlango ni mmoja tu.

Na hili, mwalimu, liandike ubaoni kwa herufi kubwa: ALIYEKUNYWA SANA KILA SIKU ASIACHE GHAFLA PEKE YAKE. Mwili uliozoea pombe ukinyimwa ghafla waweza kushikwa na kifafa, au mtu akaweweseka na kuona vitu visivyokuwapo, na wengine hufa. Aende kwanza hospitali aangaliwe siku zile za mwanzo. Hata Bill alipitia hospitali.

Leo umoja wa A.A. una watu karibu milioni 2, katika nchi zipatazo 180. Hata kwetu Afrika Mashariki mikutano iko. Nairobi iko, tena ya siku nyingi za juma. Unguja, nyumba za kuwasaidia vijana kuacha madawa ya kulevya, zilizoanza kufunguliwa mwaka wa 2009, hufuata hatua 12 zile zile, na wanaosimama kusimulia humo wengi wao ni Waislamu. Anayetaka kuitafuta aulize hospitali ya wilaya, hasa kwa wale wanaotibu magonjwa ya akili, au aulize kwa padre au shehe. Siku hizi pia mwenye simu ya intaneti aweza kuhudhuria mkutano wa mbali akiwa chumbani kwake, jambo lililoenea sana mwaka wa 2020 wakati wa ugonjwa wa korona. Vijiji vingi bado havina. Hapo watu huanza kama walivyoanza Akron: wawili, na mahali pa kuketi.

Muda wetu umekwisha. Mwalimu, zima redio, wape wanafunzi nusu saa. Wasome tena aya ya hoteli ya Mayflower, kila mtu sentensi moja kwa zamu, kisha waseme wao wangempigia nani simu. Asiye tayari kusema aachwe asikilize. Juma lijalo tutasoma habari za ujenzi wa reli. Kwaherini.